Kazi unaipenda, lakini inakumaliza

Unaweza kuipenda kazi yako na bado ikakuchosha hadi basi. Kama wewe ni muuguzi, mgonjwa akipona unafurahi kweli. Kesho yake unavaa sare huku mwili unagoma.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini. Halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kutoijali tena kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Ya pili ndiyo watu huionea aibu. Ukijikuta unamfokea mgonjwa bila sababu, usikimbilie kujiona una roho mbaya.

Likizo husaidia, ila ukirudi kwenye zamu zilezile na upungufu uleule wa wafanyakazi, uchovu nao hurudi. Zungumza na msimamizi kuhusu zamu, ikiwezekana pamoja na wenzako.

Huzuni ikikufuata hata siku za mapumziko, au usipofurahia chochote kwa wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona: nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini na utafute msaada leo hii.