Nyongeza ya Zamu: Sekunde Zinazoingia Saa Inapobonyezwa

Anayetafuta mpinzani wa sataranji mtandaoni huonyeshwa kwanza namba mbili zenye alama ya kujumlisha katikati: 3+0, 3+2, 5+3, 10+5. Ya kwanza haina utata. Ni dakika anazopewa kila mchezaji kwa mchezo mzima. Ya pili ni sekunde zinazoingizwa kwenye saa yake kila anapomaliza kucheza. Jina lake la kigeni likivishwa sauti za Kiswahili huwa inkrimenti. Makala haya yanapendekeza liitwe nyongeza ya zamu.

Kwa nini isitoshe kusema nyongeza tu? Kwa sababu mpira wa miguu umeshalichukua neno hilo. Msikilizaji wa redio akiambiwa dakika za nyongeza, anajua mwamuzi amefidia muda uliopotea, mara moja, mwishoni, kwa timu zote mbili. Muda wa ziada nao una kazi yake: zile dakika thelathini za kutafuta mshindi baada ya sare. Saa ya sataranji haifanyi lolote kati ya hayo. Huongeza tangu zamu ya kwanza, humwongezea aliyecheza peke yake, wala haingoji amri ya mwamuzi. Bonasi pia haifai, maana bonasi hupewa aliyefanya vizuri, ilhali sekunde hizi huzipata hata aliyetoka kumtoa malkia wake bure. Sharti ni moja tu: umalize zamu yako. Ndiyo maana neno zamu halina budi kukaa ndani ya istilahi.

Utaratibu huu unahusishwa zaidi na Bobby Fischer, bingwa wa Marekani, aliyeomba hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1988 na kuipata mwaka 1989. Saa hiyo ilitumika mwaka 1992 aliporudiana na Boris Spassky nchini Yugoslavia. Saa za kale za mishale zilikuwa na kibendera kidogo kilichoinuliwa na mshale wa dakika na kuanguka muda ulipokwisha. Mchezaji aliyejenga ushindi kwa saa nyingi angeweza kuupoteza kwa kukosa sekunde za kuukamilisha, na tatizo hilo ndilo Fischer alilotaka kuliondoa.

Nyongeza ya zamu ina ndugu yake anayefaa kutengwa nayo: subira ya zamu. Katika subira, saa hungoja sekunde kadhaa kabla ya kuanza kupunguza muda wako. Ukicheza ndani ya sekunde hizo, hupotezi kitu, lakini pia huvuni kitu. Katika nyongeza, anayecheza upesi huweka akiba: akitumia sekunde moja akalipwa mbili, saa yake inapanda. Subira hulinda ulichonacho, nyongeza inaweza kukuzidishia.

Namba ya pili, yaani sekunde za nyongeza, huamua hata jina la mchezo. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, huchukua muda wa mwanzo na kuujumlisha na nyongeza ya zamu 60. Jumla isipozidi dakika 10, mchezo huo ni blitsi, neno la Kijerumani lenye maana ya radi. Lichess, jukwaa la bure la mtandaoni, hukadiria zamu 40. Basi mchezo wa 5+5 ni blitsi kwa FIDE, kwa kuwa unafika dakika 10 kamili, lakini Lichess huuweka kwenye kundi la mwendo wa wastani, kwa kuwa sekunde zake 500 zimevuka kikomo cha blitsi cha jukwaa hilo.

Kwa mwenye nia ya kuinua kiwango chake katika michezo ya kasi, tofauti kati ya kuwa na nyongeza na kutokuwa nayo ina uzito. Chukua mchezo wa zamu 40. Katika 3+0 una wastani wa sekunde nne na nusu kwa zamu; katika 3+2 una sita na nusu. Pengo kubwa zaidi liko mwishoni. Tuseme umebaki na mfalme na ngome, mpinzani ana mfalme peke yake, na saa yako inaonyesha sekunde nane. Kumfunga mfalme huyo kunaweza kuhitaji hadi zamu 16. Bila nyongeza, hiyo ni nusu sekunde kwa kila zamu, na bendera ikianguka matokeo ni sare, kwa sababu mfalme aliye peke yake hawezi kushinda. Kukiwa na nyongeza ya sekunde mbili, anayeijua njia anafika. Asiyeijua hafiki, na hapo amejua cha kwenda kujifunza.

Michezo isiyo na nyongeza ina ustadi wake halali: wepesi wa kidole, na kuagiza zamu mapema, yaani kuiambia programu utacheza nini kabla mpinzani hajacheza. Lakini ustadi huo humsaidia mtu kuangusha bendera ya mwenzake zaidi ya kumsaidia kuuelewa ubao. Mtandao nao una sehemu yake. Kwa anayecheza kwa bando la simu kutoka Mwanza au Kisumu, kila zamu husafiri hadi kwenye seva na kurudi. Lichess hufidia sehemu ya muda unaopotea njiani, si lazima wote. Nyongeza ya sekunde mbili hupunguza makali ya hasara hiyo.

Kwa hiyo anayejifunza aanze na 5+3, kisha 3+2, ambayo ndiyo kanuni ya mashindano ya dunia ya blitsi ya FIDE. Zamu za ufunguzi alizozizoea azicheze bila kusita, ili ajiwekee akiba kabla ya vita vya katikati. Akiba hiyo aitumie pale kete zinapogongana, mahali ambapo kosa moja humaliza mchezo, asiimalizie kwenye zamu ambazo jibu lake ni moja tu. Mchezo ukiisha, aangalie saa pamoja na ubao: ni zamu ipi ilimlia sekunde 40, na je, ilistahili?

Istilahi ikishakubalika, matumizi yake ni mepesi: “tucheze tatu, nyongeza mbili”, “mashindano haya hayana nyongeza ya zamu”, “tumepewa subira ya sekunde tano”. Waandaaji wa mashindano wataandika kanuni zinazoeleweka bila mkalimani. Na mchezaji aliyeshindwa ataweza kueleza kama ameshindwa na saa au ameshindwa ubaoni, maana dawa za hasara hizo mbili hazifanani.