Kioo cha Oda Kusini mwa Nyanza

Anayeandika tarehe ya sanaa ya kioo nchini Kenya huanzia Kitengela, na hakosei. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970, akatengeneza madirisha ya vioo vya rangi na mapambo ya ukutani; baadaye mwanawe, Anselm, akaongeza tanuri la kuyeyushia vioo chakavu. Kwa kipimo cha karakana, kaunti za Migori na Homa Bay hazina sura katika tarehe hiyo. Lakini tarehe ya ufundi haipimwi kwa karakana tu. Kazi ya kuunganisha vioo kwa moto ina ukoo, na kusini mwa Nyanza ukoo huo uko kwa wafinyanzi.

Tuitazame kazi yenyewe. Fundi hukata vioo kwa kisu chenye gurudumu dogo, akavipanga juu ya bamba lililopakwa udongo mweupe ili visigande, kisha akapandisha moto polepole hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, vipande vikashikana na kuwa kimoja. Ugumu hasa huja baadaye. Kioo hupumzishwa kwenye nyuzi mia tano na ushei, kisha hupozwa kwa saa nyingi. Kioo kinene huchukua siku kadhaa. Ukifungua tanuri kwa pupa, kinapasuka. Na kioo cha dirisha hakichanganywi ovyo na cha chupa, maana kila kimoja husinyaa kwa kiasi chake, na ufa waweza kutokea hata baada ya kazi kutundikwa. Wafinyanzi wa Kiluo, wengi wao wanawake, wamepambana na tatizo la aina hiyohiyo kwa vizazi: udongo hutiwa mchanga au vigae vilivyosagwa, chungu hukaushwa kivulini, na hakitiwi motoni kikiwa bado na maji.

Wapo watakaosema ukoo wa karibu zaidi ni dhahabu. Macalder, huko Nyatike, ilikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wangali kazini huko. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064, moto mkali kuliko wa kioo. Hoja ina uzito, ila inapima ukali wa moto peke yake. Mwenye dhahabu hutafuta joto la haraka, na dhahabu ikipoa ghafla haipasuki. Mfinyanzi ndiye aliyefunzwa kuuogopa mwendo wa joto, na hofu hiyo ndiyo nusu ya ufundi wa kioo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: nani ataagiza? Tanuri la umeme hula fedha nyingi, na kioo kizito husafirishwa kwa hofu. Ni kweli, na ndiyo maana naamini kazi hii haiwezi kuanza na wapita njia wanaotafuta zawadi. Ianze na majengo. Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti za Migori na Homa Bay zimekuwa na makao ya serikali na mabunge yake, na kumbi za mapokezi zinahitaji kupambwa. Mbunifu hana haja ya kukopa ruwaza za mbali. Kwitone na Mawanga, kisiwani Mfangano, kuna miduara ya rangi nyekundu na nyeupe iliyochorwa mwambani, inayohusishwa na jamii ya kale ya Watwa. Na Thimlich Ohinga, kuta za mawe yasiyo na saruji zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, ni somo la kupanga vipande vya maumbo tofauti vikashikamana. Mwenye jengo atoe vipimo vya ukuta, aseme dirisha linatazama ziwani au barabarani, na akubali kipande kidogo cha majaribio kabla ya kulipa malipo ya awali, kwa kuwa rangi iliyotoka motoni haifanani na ile iliyopangwa mezani.