Chuo Kikuu na Askari Polisi: Kutoka Berkeley hata Oakland

Mwaka 1905 wakazi wa Berkeley, mji mdogo wa California, Marekani, walimchagua August Vollmer kuwa mkuu wa askari wao. Vollmer hakuwa mtu wa elimu kubwa, kwani masomo yake yalikomea shule ya chini. Lakini mji wake ulikuwa na Chuo Kikuu, naye alitambua mapema faida ya jirani huyo. Zama zile, katika miji mingi ya nchi ile, askari polisi waliajiriwa kwa hisani ya wanasiasa, na maungamo mara nyingi yalipatikana kwa mateso. Mwaka 1908 Vollmer alianzisha shule ya askari, akawaita maprofesa waje kufundisha. Mwaka 1916, kwa msaada wa Alexander Marsden Kidd, profesa wa sheria, mafunzo ya polisi yaliingia katika masomo ya kiangazi ya Chuo Kikuu cha California.

Miongoni mwa askari wa Vollmer alikuwamo John Larson, mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya viungo vya mwili. Mwaka 1921 Larson alitengeneza mtambo wa kuonyesha msukumo wa damu na pumzi za mtu anapohojiwa, kwa matumaini kwamba uongo ungejulikana. Matumaini hayo hayakutimia, kwa kuwa mtambo ule hupima msukosuko wa mwili, wala haupimi uongo wenyewe. Hata hivyo nia iliyouzaa ilikuwa njema, nayo ni kuweka kipimo mahali pa kipigo.

Lakini yafaa kutazama kipimo hicho kilielekezwa kwa nani. Aliyepimwa alikuwa mtuhumiwa. Askari alibaki kuwa mpimaji. Mwaka 1931 Tume ya Wickersham, iliyoundwa na Rais Hoover, ilitoa taarifa zake. Vollmer mwenyewe alisimamia ile iliyohusu polisi, na taarifa nyingine ya Tume hiyo ilifichua jinsi askari walivyowatesa watu ili waungame. Ikadhihirika kwamba kumwelimisha askari hakutoshi, ikiwa matendo yake hayachunguzwi. Kinyozi hajinyoi.

Ilipita miaka mingi kabla ya polisi kukubali kunyolewa. Huko Kansas City, Missouri, kuanzia Oktoba 1972 hata Septemba 1973, watafiti wa Police Foundation waligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu. Katika fungu moja magari ya doria yaliongezwa, katika la pili yaliachwa kama yalivyokuwa, na katika la tatu askari walifika walipoitwa tu. Haikuonekana tofauti ya maana, si katika uhalifu wala katika hofu ya raia. Desturi ambayo polisi waliitegemea sana ilikuwa imepimwa, nayo ikaonekana nyepesi.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Oakland, mji unaopakana na Berkeley. Mwaka 2000 askari wanne wa mji huo walituhumiwa kuwapiga raia na kuwabambikia ushahidi. Kesi ya madai ya watu 119 ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2003, na polisi wakawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Mwaka 2014 Jennifer Eberhardt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliombwa asaidie. Yeye na wenzake walichambua taarifa 28,119 za watu waliosimamishwa na askari. Watu weusi walikuwa asilimia 28 ya wakazi, lakini walikuwa asilimia 60 ya waliosimamishwa.

Kisha watafiti wakageukia lugha. Walichukua maneno yaliyonaswa na kamera za askari wakisimamisha magari mara 981, wakawapa wasomaji wasioambiwa rangi ya dereva sehemu ya maneno hayo waipime kwa heshima. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionyesha kwamba askari waliwasemesha wazungu kwa heshima zaidi, hata baada ya kuzingatiwa ukubwa wa kosa, mahali, na rangi ya askari mwenyewe. Halikuwa suala la matusi. Lilikuwa suala la kusema bwana au kutosema, kuomba radhi au kutoomba, kueleza sababu au kuamuru tu. Raia aliyezoea kulalamika asisikilizwe sasa alikuwa na ushahidi.

Maarifa hayo hayakubaki kabatini. Katika fomu ya askari liliongezwa swali moja: je, unamsimamisha mtu huyu kwa kufuata habari mahususi za uhalifu? Mwaka 2018 idadi ya waliosimamishwa ilipungua kwa zaidi ya elfu kumi kuliko mwaka uliotangulia, na upungufu mkubwa ulikuwa kwa watu weusi. Wala haisemwi kwamba Oakland ilipona. Usimamizi wa mahakama uliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hivyo basi, Chuo Kikuu huwafaa polisi kwa kuwafundisha, lakini huifaa zaidi nchi kinapoachiwa kuwapima na kusema kilichoonekana. Vollmer aliwafungulia maprofesa mlango ili wamsaidie kumjua mhalifu. Waliokuja baadaye waliingia kwa mlango uleule, wakamtazama mwenye nyumba.