Mfungwa wa Nkamba aliyefia Lubumbashi

Tarehe 3 Oktoba 1921, mahakama ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu Simon Kimbangu viboko 120, kisha kifo. Alikuwa amehubiri na kuombea wagonjwa miezi michache tu. Wakoloni wakaita uasi. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao Nkamba. Wafuasi wake nao walihamishwa kwa nguvu, familia nzima nzima, wakatawanywa nchini.

Mtoto wake wa mwisho, Joseph Diangienda, alikuwa na miaka 3. Baba alikaa gerezani miaka 30, akafariki tarehe 12 Oktoba 1951, akazikwa huku huku ugenini. Mwaka 1960 mabaki yake yalifukuliwa, yakarudishwa Nkamba.