Supagluu katika nyufa za mbao

Supagluu ni gundi ya sianoakrilati, ambayo maseremala huitumia kuziba nyufa nyembamba kabla ya kupaka vanishi. Kemikali hiyo iligunduliwa Marekani mwaka 1942 na Harry Coover na wenzake wa Kodak, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Haikauki kama gundi nyeupe ya mbao; huganda inapokutana na unyevu, hata ule kidogo uliomo ndani ya ubao. Ndiyo maana katika hewa ya pwani ya Kibiti, Tanzania, chupa iliyosahauliwa wazi huharibika upesi.

Mbao za mninga au mkongo zikianikwa juani zingali mbichi hupasuka kuanzia kwenye ncha, kwa sababu maji hutokea huko kwanza. Fundi huondoa vumbi kwenye ufa, hushindilia unga wa mbao uleule uliotoka kwenye msasa, kisha hudondosha gundi nyepesi, nayo hunywewa papo hapo. Ufa mpana hujazwa kidogo kidogo, kila tabaka likisubiri la chini yake ligande. Baada ya msasa kiraka huonekana cheusi kidogo kuliko ubao. Kwenye mpingo ni nadra kugundulika. Gundi iliyomwagikia pembeni isiposuguliwa yote, vanishi huacha doa pale.

Kwa kiti, mlango au kinyago, kazi hiyo inatosha. Kwa chombo cha majini haifai. Mashua za delta ya Rufiji, zikiwemo zinazotia nanga Nyamisati, huzibwa maungio kwa kalafati: pamba iliyotiwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Mbao zikifura majini na kusinyaa zikipandishwa pwani, pamba hubonyea na kuzifuata. Supagluu iliyoganda haina unyumbufu huo, huvunjika kama kioo.

Kuchanganya njia hizo mbili ni hatari. Sianoakrilati ikilowesha pamba hupata joto kali ghafla, hufuka moshi na huweza kuunguza ngozi. Kwa hiyo gundi iliyomwagika haifutwi kwa pamba wala kitambaa cha pamba, na glavu za pamba hazivaliwi. Vidole vikigandana havivutwi kwa nguvu: huloweshwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, au hupakwa asetoni, ambayo hupatikana katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Asetoni haikaribishwi machoni. Jicho lililoingiwa gundi huoshwa kwa maji mengi na mgonjwa hupelekwa hospitali.