Nyama ya Kijitini na Biskuti ya Spratt: Biashara ya Kulisha Paka na Mbwa wa London

Katikati ya karne ya 19, paka wengi wa London walilishwa na mchuuzi aliyepita mlango kwa mlango akiwa na kapu au toroli la nyama iliyochemshwa, iliyokatwa vipande vyembamba na kuchomekwa kwenye vijiti mithili ya mishikaki. Waingereza walimwita mtu wa nyama ya paka. Nyama yenyewe ilikuwa ya farasi. Jiji lilikuwa likiendeshwa kwa farasi: mabasi, teksi, mikokoteni ya bia na ya makaa, yote yalivutwa nao, na farasi aliyezeeka au kuvunjika mguu barabarani alipelekwa kwenye machinjio maalumu. Huko hakikutupwa kitu. Ngozi ilikwenda kwa mtengeneza viatu, mifupa kwa mtengeneza mbolea, mafuta yakawa ya kulainishia ekseli za magari. Nyama ilichemshwa usiku katika masufuria makubwa, na alfajiri wachuuzi walikuwa wamekwisha kupanga foleni kuinunua kwa uzito.

Habari nyingi za kazi hii zimehifadhiwa na mwandishi wa habari Henry Mayhew, ambaye kitabu chake juu ya wafanyakazi na maskini wa London kilitoka mwaka 1851. Alitaja machinjio ya farasi zaidi ya 20, mengine Whitechapel, mengine upande wa pili wa mto, Bermondsey. Alipotaka kujua jiji lina paka wangapi, mchuuzi mmoja alimkadiria paka mmoja kwa kila watu kumi, au zaidi ya hapo. Mayhew akaona hesabu hiyo ni ndogo, akaamua kuhesabu paka mmoja kwa kila nyumba inayokaliwa, akapata 300,000. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kumridhisha mtakwimu, lakini inaonyesha kwamba hata wakati huo soko lilikuwa kubwa kuliko watu walivyodhani, na kwamba aliyelijua vizuri zaidi ni yule aliyelitembelea kwa miguu.

Faida ilikuwa finyu. Mchuuzi wa kiwango cha kati, kwa maelezo ya Mayhew, alinunua ratili 56 kwa shilingi saba na peni sita, akauza zote kwa shilingi kumi na moja na peni sita, akabaki na shilingi nne. Hiyo ni kama peni moja kwa kila ratili, na wakati wa kiangazi, nyama ilipoadimika, faida ilishuka hadi nusu peni. Tena fedha hiyo haikupatikana papo hapo. Wateja wengi walichukua kwa mkopo na kulipa kwa wiki, ndiyo maana siku nzuri zilikuwa Jumamosi, Jumatatu na Jumanne. Siku nyingine mchuuzi alirudi nyumbani na shilingi mbili tu mfukoni. Wateja waliolalamikiwa zaidi ni mabibi wazee wasioolewa, ambao walikuwa wengi lakini wagumu: walibishania bei mpaka ya mwisho, wakalipa nusu peni na kudaiwa nusu, na baada ya siku mbili deni wakalisahau. Wateja wa ndoto walikuwepo pia. Bwana mmoja alinunua ratili nne kila asubuhi kwa ajili ya mbwa wake wawili wa Newfoundland. Mwanamke mmoja mweusi alinunua nyama ya peni 16 kwa siku, akapanda juu ya paa na kuwarushia paka wa mtaa mzima, hata majirani wakachoka na kushtaki kwamba amewajazia paka wa kuzurura.

Bidhaa ilikuwa ile ile kwa kila mchuuzi. Wote walinunua katika machinjio yale yale, kwa bei inayokaribiana, na hakuna aliyeweza kudai kwamba farasi wake ni bora kuliko wa mwenzake. Kwa hiyo ushindani haukuwa wa nyama, ulikuwa wa njia. Kila mchuuzi alikuwa na njia yake, yaani mitaa aliyoipita kila siku kwa saa ile ile, na aliyeingilia njia ya mwingine alitafuta ugomvi. Silaha za kuilinda zilikuwa chache na rahisi. Ya kwanza ni kutokosa siku, kwa sababu paka asiyelishwa leo atalishwa na mwingine kesho. Ya pili ni mkopo, ambao ulimfunga mteja: aliyedaiwa hakuhama kwa urahisi. Ya tatu ni sura. Mayhew aliwaeleza wakiwa na kofia inayong'aa, kizibao cheusi, aproni ya buluu na leso yenye madoadoa shingoni, wengine wakivaa leso mbili au tatu kwa pamoja. Mtu aliyevaa hivyo alionekana tangu mwanzo wa barabara. Ya nne, na pengine yenye nguvu kuliko zote, ni sauti. Paka waliujua mwito wa mchuuzi wao, wakamkimbilia kabla hajafika mlangoni, na mama wa nyumba aliyemwona paka wake akilia miguuni mwa mtu huyo hakuhitaji tangazo jingine.

Njia iliyojengwa kwa namna hiyo ilikuwa mali. Mwenye kuchoka au kuugua aliweza kumwachia mwanawe, au kuiuza. Mnunuzi hakupata duka, wala ghala, wala farasi. Alipata orodha ya milango, majina ya wanaolipa na wasiolipa, na siku chache za kutembea pamoja na muuzaji ili wateja, na paka, wamzoee. Waliokuwa na uwezo zaidi walifungua chumba cha mbele cha nyumba kuwa duka. Mwaka 1888, mauaji ya mwanamke aliyeitwa Annie Chapman yalipoifanya nyumba namba 29 ya Hanbury Street ijulikane dunia nzima, wachunguzi walikuta kwamba chumba cha chini upande wa barabarani kilikuwa cha mama aliyeuza nyama ya paka. Ilikuwa biashara ya kawaida kabisa katika mtaa wa kawaida wa East End, upande wa mashariki wa jiji. Kufikia Januari 1901 wachuuzi hawa walikuwa wamepata heshima ya kutosha kuandaliwa karamu huko Holborn, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Louis Wain, mchoraji aliyepata umaarufu kwa picha za paka waliovaa na kutenda kama watu.

Mpinzani wao mkubwa alikuja kwa njia nyingine kabisa, na hakutoka hata Uingereza. James Spratt alikuwa Mmarekani kutoka Ohio aliyefika London kuuza vyuma vya kukinga majengo na radi. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, akapata wazo. Mwaka 1861 alichukua hataza ya keki za mbwa zilizotengenezwa kwa ngano, mboga, viazisukari na nyama iliyokaushwa, ambayo kampuni ilidai inatoka kwenye mbuga za Marekani. Nyama hiyo hasa ilikuwa nini, kampuni haikupenda kueleza, na usiri huo ukawa sehemu ya mvuto wake.

Spratt hakujaribu kumnyang'anya mchuuzi wateja wake. Paka wa mshonaji wa Bethnal Green hakumhusu. Alilenga mabwana wa mashamba waliofuga mbwa wa kuwinda kwa makumi, watu ambao gunia zima la biskuti lilikuwa rahisi kwao kuliko kuchemsha uji na mabaki ya nyama kila siku. Bahati ilimpa uwanja mpya. Maonyesho ya mbwa, ambayo ya kwanza ya kisasa yalifanyika Newcastle mwaka 1859, yalikuwa yakienea, na chama cha Kennel Club kilianzishwa mwaka 1873 kuyasimamia. Kampuni ya Spratt ikachukua kazi ya kupanga vibanda vya mbwa na kuwalisha katika maonyesho hayo. Mwenye mbwa aliyekuja kushindana alimkuta mbwa wake amekaa kwenye kibanda cha Spratt, anakula biskuti ya Spratt, na mbwa aliyeshinda alikuwa amelishwa vivyo hivyo. Ni vigumu kufikiria tangazo la bei nafuu kuliko hilo.

Waigaji hawakuchelewa. Jibu la kampuni lilikuwa kupiga chapa ya jina na herufi X juu ya kila keki, na kuonya katika matangazo kwamba biskuti isiyo na alama hiyo ni bandia. Matangazo ya Marekani yalikwenda mbali zaidi na kudai kwamba nyama mbichi inachemsha damu ya mbwa. Mbwa wote waliokula nyama tangu enzi za kale hawakuulizwa. Kisha zikafuata sabuni za mbwa, dawa za minyoo, kola na vitabu vya malezi, hata mfugaji akaweza kumtunza mnyama wake tangu kuzaliwa hadi kufa bila kutoka katika orodha ya bidhaa za kampuni moja. Mchuuzi wa kijiti alikuwa akiuza chakula cha leo. Spratt alikuwa akiuza wasiwasi juu ya kesho, pamoja na dawa yake.

Mtu aliyeyaelewa haya yote vizuri kuliko wengine alikuwa mwajiriwa. Charles Cruft, aliyezaliwa mwaka 1852, mtoto wa sonara, aliingia kwa Spratt kama kijana wa ofisini badala ya kurithi kazi ya baba yake, kisha akapelekwa nje kuuza biskuti kwa wenye mashamba na walinzi wa wanyama wao wa kuwindwa. Safari hizo zilimfundisha nani anafuga nini na nani anamwonea wivu nani. Mwaka 1878 wafugaji wa Ufaransa walimtaka asaidie kuandaa sehemu ya mbwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Mwaka 1886 aliandaa London maonyesho ya mbwa aina ya terrier pekee, na mwaka 1891 akayaita maonyesho kwa jina lake mwenyewe, katika ukumbi wa Royal Agricultural Hall huko Islington. Walikuja mbwa wapatao 2,000, wakiwemo wa Malkia Victoria.

Msemo kwamba kizuri chajiuza haukuwa na nafasi katika biashara ya Cruft. Alikuwa na washindani wengi, kwa kuwa kila mji ulikuwa na maonyesho yake na Kennel Club ilikuwa na ya kwake, yenye heshima kuliko yake. Yeye akashindana kwa ukubwa na kelele. Alitangaza kwamba yake ndiyo makubwa kuliko yote, akaongeza makundi ya ushindani ili zawadi ziwe nyingi na wanaorudi nyumbani na furaha wawe wengi, likiwemo kundi la mbwa waliokufa na kukaushwa. Jina la Malkia lilifanya kazi ambayo magazeti yangetoza fedha nyingi kuifanya. Jambo la ajabu ni kwamba, kwa simulizi ya mjane wake, nyumbani kwake hakukuwa na mbwa bali paka, maana kumiliki mbwa wa aina moja kungewafanya wafugaji wa aina nyingine wamshuku kwa upendeleo.

Alijaribu pia maonyesho ya paka, mwaka 1894 na 1895. Yalimletea hasara, akayaacha. Kushindwa huko kunaeleza kwa nini mtu wa nyama ya paka alidumu miaka mingi baada ya Spratt kushika soko la mbwa. Mbwa wa mbegu alikuwa fahari ya mwenye mali, na fahari hulipiwa. Paka wengi wa London walikuwa wafanyakazi, waliofugwa madukani na majumbani ili kuua panya, na mwenye paka wa namna hiyo hakuona sababu ya kumnunulia zaidi ya kijiti cha nusu peni. Isitoshe, mbwa hula karibu chochote anachopewa, lakini paka asiyependa chakula hukiacha, na mapatano kati ya mchuuzi na paka yalikwisha kufungwa zamani.

Kilichomwangusha mchuuzi hakikuwa biskuti, ila injini. Kampuni kubwa ya mabasi ya London, London General, iliendesha basi lake la mwisho la farasi Oktoba 1911, na kadiri farasi walivyopungua barabarani ndivyo nyama ilivyopungua machinjioni na bei ikapanda. Kisha ukaja mkebe. Nchini Marekani nyama ya farasi ya mikebe kwa ajili ya mbwa, iliyoitwa Ken-L Ration, ilianza kuuzwa mwaka 1922, na katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Mars ilinunua kiwanda cha Chappel Brothers nchini Uingereza kilichouza chakula cha mkebe kwa jina la Chappie. Mkebe haukuoza wala haukuhitaji kuletwa kila asubuhi. Ulikaa kwenye rafu ya duka la vyakula, mahali ambapo mama wa nyumba alikuwa anakwenda hata hivyo. Baadhi ya wachuuzi walibaki hadi Vita Kuu ya Pili, mgawo wa nyama ulipoanza mwaka 1940, lakini njia zao hazikuwa tena na mnunuzi.

Spratt nayo ilipambana na mkebe kwa silaha iliyoijua. Mwaka 1936 mchoraji Max Field-Bush aliipatia nembo ambamo herufi za jina la kampuni zimepangwa zikawa umbo la mbwa wa Uskoti, na zikafuata nyingine za paka na samaki. Mwaka huo huo maonyesho ya Cruft yalipata maingizo zaidi ya 10,000. Cruft alifariki mwaka 1938. Mjane wake, Emma, aliendesha maonyesho ya 1939, kisha vita vikayasimamisha, na mwaka 1942 aliyauza kwa Kennel Club, mshindani wa siku nyingi wa mumewe. Hapakuwa na jengo la kukabidhi, kwani ukumbi ulikuwa wa kukodi, wala mbwa hata mmoja. Kennel Club ilinunua jina pamoja na mazoea ya watu kurudi kila mwaka, ikangoja vita viishe, na mwaka 1948 ikafungua maonyesho yake ya kwanza chini ya jina hilo katika ukumbi wa Olympia.