Nishati ya jua katika nyumba huanzia kwenye ramani

Nishati ya jua inapotajwa, watu wengi hufikiria paneli zinazofungwa juu ya paa baada ya nyumba kukamilika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya manufaa ya jua, pamoja na madhara yake, huamuliwa mapema zaidi, wakati msanifu anapochora ramani na fundi anapopima msingi. Paneli zinaweza kuongezwa baadaye, lakini nyumba iliyokosewa mwelekeo haigeuzwi. Mwenye nyumba hulipia kosa hilo kila mwezi kwa umeme wa feni na viyoyozi.

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la adhuhuri huwa juu sana, ilhali la asubuhi na alasiri huwa chini na kupiga moja kwa moja kuta za mashariki na magharibi. Kwa sababu hiyo, inafaa kuta ndefu na madirisha makubwa vielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi zenye madirisha machache vielekee mashariki na magharibi. Upenu mpana wa paa hukinga vizuri jua la juu, lakini hauwezi kuzuia jua la alasiri. Upande wa magharibi, basi, hufaa kwa stoo, ngazi au miti ya kivuli kuliko vyumba vya kulala.

Barani Ulaya hali ni tofauti. Huko vioo vikubwa huelekezwa kusini ili jua la majira ya baridi liingie ndani, na sakafu na kuta nzito huhifadhi joto lake hadi usiku. Jengo la vioo vitupu linaloigwa kutoka huko na kujengwa katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Mombasa hugeuka tanuri.

Paa nalo huhitaji kupangwa. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, kila mita mraba inayolielekea jua hupokea takribani wati 1,000, na paneli za kisasa hugeuza karibu asilimia 20 yake kuwa umeme. Jijini Dar es Salaam, paneli huelekezwa kaskazini, zikiwa na mwinamo mdogo unaoruhusu mvua kusafisha vumbi. Kenchi ziwe imara kubeba uzito wake, na tangi la maji au mti visitie kivuli, kwani hata kivuli kidogo hupunguza umeme.

Mfano wa yote hayo uko Gigiri, Nairobi, ambako jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lilizinduliwa mwaka 2011. Liliundwa kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200, likawekewa paneli za kilowati 515 juu ya paa. Lakini kabla ya paneli, wasanifu walipunguza mahitaji yenyewe: mwanga wa mchana huingia hadi katikati ya jengo, na hewa hupita bila kutegemea viyoyozi.

Mpangilio huo ndio unaofaa hata kwa nyumba ya vyumba vitatu. Kwanza kivuli, upepo na mwanga, kisha paneli. Nyumba inayohitaji umeme kidogo hutosheka na paneli na betri chache, na kuigeuza ingali kwenye karatasi hugharimu kidogo tu.